Wanakuja kuchukua maoni kuhusu bonde letu: tuseme nini?

"Mtaalamu, ninaishi katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Mtaani kwetu kuna bonde la mafunjo na matete, na mto mdogo unapita katikati kuelekea ziwani. Mama yangu analima mchicha na magimbi ukingoni tangu sijazaliwa. Majirani wanakata mafunjo ya kusukia mikeka. Sasa halmashauri imetangaza itatengeneza bustani ya asili humo bondeni, na baada ya wiki mbili kuna mkutano wa kukusanya maoni. Wengine wanasema ni geresha, ramani imeshachorwa, na tukisaini daftari tutakuwa tumekubali kuondolewa. Wengine wanasema afadhali kinamasi kifukiwe mbu waishe. Wazee wamenichagua niseme kwa niaba ya mtaa. Niseme nini? Na je, tuna sauti gani ikiwa ardhi yenyewe ni ya serikali?"

Ndugu yangu, umeleta hofu tatu zilizofungwa pamoja kama mzigo mmoja wa kuni: mama kupoteza shamba, mtaa kupoteza bonde, na wewe kusimama mbele za watu ukasema maneno ambayo hayataandikwa popote. Nitaufungua mzigo huo taratibu. Nimefanya kazi ya mipango miji miaka mingi na mara nyingi nimekaa upande wa meza wa wanaochukua maoni. Kwa hiyo nitakueleza pia yanayotokea kwenye karatasi baada ya viti vya plastiki kurudishwa.

Nianze na daftari, maana ndilo linalowanyima watu usingizi. Kusaini mahudhurio ni kuthibitisha kwamba ulikuwepo, basi. Hakumpi mtu ridhaa yako wala ardhi yako. Lakini hofu ya jirani zako haikutoka hewani, kwa sababu yapo madaftari yanayopitishwa bila kichwa cha habari, na karatasi isiyo na kichwa inaweza kubandikwa kichwa baadaye. Likikufikia, angalia juu. Kama hapajaandikwa "Mahudhurio", pamoja na tarehe na jina la mkutano, mwombe mtendaji wa mtaa aandike kabla hujasaini. Kisha lipige picha kwa simu. Fanya hivyo kwa upole na hadharani, wala hutaonekana mkorofi. Kususia mkutano kwa kuogopa daftari ndiko kutakakowaumiza, maana kwenye ripoti kutaandikwa kwamba mtaa ulialikwa na haukuleta hoja.

Hili la ardhi kuwa ya serikali limewafunga watu wengi midomo bure. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mdhamini na mwenye mali si kitu kimoja. Ni kweli sheria hiyohiyo inazitaja ardhi oevu, yaani vinamasi kama hilo bonde lenu, pamoja na eneo lililo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, miongoni mwa zinazoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi, yaani ambayo kuiendeleza kunaweza kuhatarisha maisha au mazingira. Ni kweli pia kwamba kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita hizo 60, au zile zinazoweza kuharibu hifadhi ya eneo. Siwezi kukuambia kwamba shamba la mama liko salama kisheria, ningekuwa nakudanganya. Ila sheria hiyo ya mazingira inasema pia, katika kifungu cha 178, kwamba wananchi wana haki ya kuarifiwa mapema kuhusu uamuzi unaogusa mazingira na kupewa nafasi ya kushiriki. Nayo Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji ikutane na watu wa eneo husika na iweke rasimu wazi ionekane kabla haijaidhinishwa. Kwa hiyo mkutano huo hamkukirimiwa na diwani. Ni takwa la sheria, na mtu aliyekalia kiti chake mwenyewe haongei kwa kuomba radhi.

Sasa tuingie bondeni kwenyewe, kwa sababu ukienda mkutanoni bila kuelewa kinamasi kinafanya nini, utashindwa na yule anayetaka kifukiwe.

Chukua ndoo mbili za maji. Moja imwage kwenye sakafu ya saruji, nyingine juu ya godoro kuukuu. Ya kwanza inakimbilia mlangoni papo hapo. Ya pili inazama na kuchuruzika kidogo kidogo. Bonde lenu ni hilo godoro. Mvua inaponyesha juu mjini, maji yanashuka kwa kasi kutoka kwenye mabati, lami na mitaro. Yakifika kwenye mafunjo yanakuta mashina yaliyosongamana na matope yenye mizizi, yanapunguza mwendo na kutandaa. Mafuriko hayafutiki, lakini yale maji ambayo yangefika kwenye kalavati kwa kishindo kimoja yanafika kwa zamu. Ukilifukia bonde, maji hayo yatatafuta pengine pa kutandaa, na mara nyingi ni sebuleni kwa wanaoishi upande wa chini.

Kazi ya pili haionekani kwa macho. Kwenye mizizi ya mafunjo na ndani ya tope kuna vijidudu vinavyokula uchafu. Baadhi yao, pale pasipo na hewa, huigeuza naitrojeni ya majitaka kuwa gesi ikapotelea angani. Fosforasi inanasa kwenye udongo. Jirani zetu wa Kampala wanalijua hili vizuri. Mfereji wa Nakivubo hupeleka majitaka ya jiji kwenye kinamasi cha Nakivubo kabla hayajaingia ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na si mbali na hapo, kule Gaba, ndiko jiji linakovuta maji ya kunywa. Mwaka 1999 wachumi walipiga hesabu ya thamani ya usafishaji huo, wakapata hadi dola za Marekani milioni 1.75 kwa mwaka. Baadaye mafunjo mengi yalikatwa kupisha magimbi na majengo, na uwezo wa kinamasi kuchuja ukapungua. Nalisema hili nikijua vizuri kwamba mama naye analima magimbi. Nitamrudia.

Na mbu? Mmoja wa mbu wakuu wa malaria, Anopheles gambiae, hapendi giza la mafunjo. Anapenda kidimbwi kidogo kinachopigwa jua: unyayo wa ng'ombe, alama ya tairi, shimo lililochimbwa udongo wa matofali. Ndani ya mafunjo mazito maji ni ya baridi, na humo wamo samaki wadogo na watoto wa kerengende wanaokula viluwiluwi. Utafiti uliofanywa nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba vijiji vilivyopakana na vinamasi vilivyogeuzwa mashamba vilikuwa na joto zaidi kuliko vilivyopakana na vinamasi vya asili, na kwamba joto hilo liliendana na mbu kuwa wengi majumbani. Kwa hiyo anayesema "fukieni mbu waishe" anaweza kupata mbu zaidi, hasa kazi ikiishia katikati na kuacha mashimo, kama inavyotokea mara nyingi. Hata hivyo, usiende kusema bustani haina mbu. Majitaka yaliyotuama yana mbu wake, Culex, wale wa kelele usiku kucha. Na katika Kanda ya Ziwa lazima tuzungumzie kichocho: konokono wake wanaishi kwenye maji yaliyotulia, na watoto watavutwa na maji yoyote mazuri mtakayowatengenezea. Hii iwe moja ya hoja zenu. Njia za kutembelea ziwe madaraja ya mbao juu ya maji, na pawepo mahali pengine salama pa watoto kucheza.

Sasa niseme jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote. Baada ya mkutano kama huo, mtaalamu mshauri anarudi ofisini na kuandika jedwali. Safu ya kwanza ni hoja, ya pili ni nani ameitoa, ya tatu ni majibu ya mradi. Jedwali hilo ndilo litakaloingia kwenye ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, ndilo litakalosomwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga mtaani kwenu. Mtu aliyesimama akasema kwa uchungu, "Tunataka maendeleo lakini msituonee", ataonekana kwenye jedwali hivi: "Wananchi wanaunga mkono mradi." Si lazima kuwe na hila. Mwandishi amekosa tu cha kuandika, kwa kuwa kauli ile haina mahali, haina kipimo, haina ombi.

Nikupe mfano niliouona kwa macho yangu. Katika mkutano mmoja wa bonde dogo, ramani ilikuwa imebandikwa ukutani, na vijana wetu wa michoro walikuwa wameweka vyoo vya wageni na kibanda cha tiketi kwenye kona iliyoonekana kavu. Bibi mmoja alinyanyuka bila kuitwa, akasogea hadi ukutani, akagusa kona ile kwa fimbo yake. "Hapa mlipochora choo ndipo palipokuwa na nyumba ya marehemu mume wangu. Mvua za El Niño maji yalinifika hapa." Akajishika kifuani. Ukumbi ukawa kimya. Kesho yake tulikwenda naye, akatuonyesha mstari wa tope ambao bado ulionekana kwenye ukuta wa jirani, tukapima kwa futi ya fundi, na vyoo vikahamishwa. Hakutaja kifungu chochote cha sheria. Alikuwa na mahali, mwaka na kipimo, na mhandisi hawezi kuvipuuza hivyo vitatu.

Kwa hiyo wiki mbili ulizonazo usizimalize kwenye vikao vya kulalamika. Tembeeni bonde, wewe na wazee na wanaolima na wanaokata mafunjo, na wale wavulana wanaovua kambale na kamongo, maana hao ndio wanaojua maji yanakopita usiku. Weka alama za mafuriko ukutani kwa chaki na uandike mwaka. Hesabuni watu: wanawake wangapi wanavuna mafunjo, miezi gani, upande upi, nani anachota maji wapi, njia ipi ya mkato inatumiwa na wanafunzi. Usisahau wapangaji na wasio na shamba, nao ni watu wa mtaa. Halafu andikeni barua, hata ya ukurasa mmoja. Kwa mfano: "Tunaomba njia ya wageni ipite upande wa magharibi wa mto. Upande wa mashariki, kuanzia kalavati hadi mwembe wa msikitini, ndiko wanawake wa mtaa wanakovuna mafunjo kuanzia Juni hadi Septemba. Tunaomba waruhusiwe kuendelea kwa zamu, na kikundi chao kiandikwe kwenye mpango wa usimamizi." Hoja ya namna hiyo haiwezi kufupishwa kuwa "wanaunga mkono". Pelekeni nakala mbili: moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Na kabla mkutano haujafungwa, ulizeni muhtasari utasomwa lini na rasimu itabandikwa wapi.

Je, ramani imeshachorwa? Pengine ndiyo, kwa penseli. Hakuna halmashauri inayokuja mkutanoni bila mchoro wowote. La kuuliza ni kipi bado kinaweza kubadilika, na uliulize hivyohivyo, waziwazi. Mipaka ya bustani, milango, uzio, kiingilio, maeneo ya kuvuna, mifereji: kipi kimefungwa na kipi hakijafungwa? Ukijibiwa kwamba vyote vimefungwa, omba jibu hilo liandikwe kwenye muhtasari. Nimeona majibu yakilainika ghafla mara kalamu inapotajwa.

Kuna mfano wa nyumbani unaofaa kuujua, wenye mazuri na machungu. Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, linashuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe hadi baharini pale kwenye daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na waathirika wengi walihamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao na shule za watoto. Baadhi walirudi bondeni, kwa kuwa kipande cha ardhi kilichoko mbali na riziki hakilishi familia. Kati ya Januari na Agosti 2018 ukafanyika utaratibu tofauti: wahandisi, maofisa wa serikali na wakazi, zaidi ya watu 200, walikaa meza moja mara kwa mara wakachora pamoja. Humo ndimo lilimotoka wazo la bustani kubwa ya jiji itakayoachia mto nafasi ya kufurika, na mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde hilo. Hata hivyo, ilipofika fidia, wakazi wengi walilalamika kwamba nyumba zao zimehesabiwa lakini ardhi chini yake haikuhesabiwa. Maana yake kwenu ni kwamba suala la nani ataondoka na kwa malipo gani liulizwe siku ya kwanza, wakati ule ule mnapoonyeshwa picha za ndege na madaraja ya mbao.

Mtapewa njia kama tatu, nami nitakupa maoni yangu kwa kila moja. Kuliacha bonde lilivyo kunaonekana ni kumlinda mama, lakini sidhani kama ni kweli. Bonde lisilo na mpango humegwa kila mwaka, kifusi leo, msingi wa nyumba kesho, hadi siku moja linakuja tingatinga na halimwulizi mtu. Njia ya pili ni bustani ya uzio, kila mtu nje, tiketi mlangoni. Inalinda mimea haraka, na Nyandungu kule Kigali, hekta 121 zilizofunguliwa mwaka 2022 baada ya kuwa ardhi iliyochakazwa, inaonyesha kinamasi kinavyoweza kurudi hai katikati ya jiji na watu wakalipa kuingia kutembea. Ila kwa mji mdogo ambako mafunjo ni kipato, uzio usio na makubaliano hugeuka kuwa ugomvi wa usiku, na mafunjo yanakatwa kwa wizi bila mpangilio. Mimi ninaelemea njia ya tatu: kiini cha bonde, palipo na mto na mafunjo mazito, kiachwe kabisa, pembeni yake pawe na ukanda wa kuvuna kwa zamu, na kilimo kisogezwe ukingo wa juu, nje ya mita 60, kwa makubaliano yaliyoandikwa. Mafunjo yanayokatwa kwa kiasi huchipua tena, tena kuyakata na kuyatoa nje huondoa virutubisho vilivyozidi majini. Udhaifu wake ni kwamba inahitaji usimamizi wa kila wiki, na miradi mingi ina fedha za kujenga lakini haina za kutunza. Ulizeni bajeti ya mlinzi na ya mtu wa kuzoa taka itatoka wapi mwaka wa tatu. Ulizeni pia majitaka ya juu yatafanywaje. Bila hilo, kinamasi kitaelemewa na harufu itawafukuza hao wageni.

Nilisema nitamrudia mama. Kuna jambo ambalo huenda hatapenda kulisikia. Mchicha unaomwagiliwa maji ya mto wa mjini unaweza kubeba madini mazito; watafiti waliopima mboga za kando ya mito ya Sinza na Msimbazi katika miaka ya 1990 walikuta madini ya risasi na kadimiamu. Hii haimaanishi mboga za mama ni mbaya. Inategemea kilichoko juu ya mto: gereji, kiwanda, au nyumba tu. Ombeni maji na udongo vipimwe kama sehemu ya tathmini, na majibu msomewe. Yakiwa mabaya, kuhamishiwa ukingo wa juu kutakuwa na faida kwake na kwa wanaokula mboga zake.

Mpaka hapa barua yangu inatosha, lakini yapo mambo yasiyofaa kuamuliwa kwa kusoma. Wakija kuhesabu mali, mama awepo shambani mwenyewe, ahakikishe kila tuta na kila mti umeandikwa, apewe nakala, na asisaini fomu ambayo ina nafasi tupu. Uliza tarehe ya ukomo ya kuhesabu mali. Kinachopandwa au kujengwa baada ya hapo hakilipwi, kwa hiyo msikubali ushauri wa kujenga vibanda vya harakaharaka. Fidia kamili haiishii kwenye mazao. Kuna posho ya usumbufu, usafiri, na upotevu wa faida kwa anayefanya biashara. Kama kiasi hakieleweki, mwoneni mthamini aliyesajiliwa, au msaidizi wa kisheria aliye chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kabla ya kupokea na si baada. Mzozo ukiwa juu ya ukingo wa mto ulipo, yaani mita 60 zinaanzia wapi, nendeni ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria waje wapime. Ujenzi ukianza kabla hamjaona tathmini ya mazingira, ofisi ya kanda ya NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, ndiko pa kwenda, siku hiyohiyo. Na mtoto yeyote anayekojoa damu apelekwe kituo cha afya sasa hivi, asingoje bustani.

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, mchukue mama na wazee wawili mteremke bondeni. Beba chaki, futi na daftari. Anza pale kwenye kalavati, na umwache mama atangulie.